Furu wa Tata

Jumamosi, 1 Machi 2025

Shemeji Joackim amefika kutoka Muleba na tangi la kioo nyuma ya pikapu. Tangi la samaki! Hakuniuliza. Ameliweka sebuleni pangu hapa Kibeta, palepale penye cherehani yangu. Cherehani sasa iko koridoni, na mimi nashonea koridoni. Anasema ni la Tata, baba yetu, asikae bure tangu miguu ilipomgomea. Mchana kutwa wameosha mchanga wa ziwani kwenye beseni langu la kufulia. Mawe wamepanga pamoja, Tata akielekeza kwa fimbo — furu, samaki wadogo wa ziwani, wanataka mapango, dume akikosa pake anaua wenzake.

Tata amecheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Mama afariki.

Ndizi nilizopika zimepoa.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kwenye paji la uso, wivu moyoni. Naandika hapa tu, kwa padre sitasema. Tangi bado halina samaki. Joackim kasema maji ya bomba yana dawa, yatulie, pampu ipulize hewa, mawe yaote utelezi kidogo, ndipo samaki waishi. Kila jioni anampigia Tata simu. Wanaongea habari za maji. Maji! Mimi namwogesha kila asubuhi na hatusemezani.

Jumamosi, 15 Machi

Furu wamekuja ndani ya ndoo. Joackim kawatia kwenye mifuko ya maji, mifuko ikaelea tangini kwanza ili wazoee baridi, kisha akawaachia. Dume mmoja wa bluu, mkia mwekundu. Majike wa kijivu. Sikutaka kuwatazama. Nimewatazama. Wazuri.

Tata amesimulia enzi zake za kuvua visiwani — furu walikuwa tele, watu wakiwadharau, hadi sangara alipokuja akawamaliza. Kisha kamshika Joackim mkono.

"Mwanangu, umenirudishia ziwa."

Mwanangu. Mimi kaniambia nisogeze chai.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda mwenyewe mwaloni Nyamkazi, wavuvi wanakoshusha samaki, nimtafutie Tata wake. Mvuvi mmoja, Ismael, alikuwa anachambua dagaa. Kanipa samaki mmoja aliye hai ndani ya kopo, wa rangi ya fedha, mrefu mara mbili ya furu, macho yanawaka. Nimempenda pale pale. Ismael alianza kunieleza kitu juu yake, sikusubiri. Nilitaka nimkute Tata hajasinzia.

Tata aliinamia kopo muda mrefu. Akanitazama mimi.

"Asante, mwana wange. Mtie."

Mwana wange! Mwanangu, kwa lugha ya nyumbani. Leo nimeshona huku naimba.

Jumamosi, 22 Machi

Edvina kapiga simu. Mdogo wangu huyu, mke wa Joackim, akitaka kitu sauti inakuwa asali. Anasema wamemaliza chumba kipya Muleba, Tata atakwenda kukaa nao, Joackim atamhamisha pamoja na tangi. Na mimi nipumzike, anasema. Nani kamwambia nimechoka?

Jike mmoja kavimba kidevu na hali chochote. Tata anasema ana mayai mdomoni, atavumilia njaa mpaka watoto watoke. Anamchungulia kama mkunga.

Majike wengine wawili siwaoni. Labda wako mapangoni.

Jumatano, 26 Machi

Nimeona. Tata alikuwa amelala kwenye kiti chake. Samaki wangu wa fedha alisimama nyuma ya jiwe, kimya. Akafungua mdomo. Yule jike wa mayai akaingia. Mkia ukabaki nje, halafu hata mkia haukuwepo.

Sangara. Nimemletea Tata sangara.

Nilikuwa na chujio la jikoni mkononi, ningeweza kumtoa sangara. Sikumtoa. Niliwaza: furu wakiisha, Joackim hatakuwa na la kupigia simu. Niliwaza hivyo, mimi mtu mzima, nikarudi koridoni kushona.

Baadaye Tata aliomba maji ya kunywa. Hakuuliza kitu.

Jumapili, 30 Machi

Joackim na Edvina wamekuja baada ya misa kumchukua Tata. Pikapu iko nje, tupu. Tangini amebaki dume wa bluu kajibana pembeni, na sangara kanenepa. Joackim alinyong'onyea. Akauliza ni nani aliyemtia sangara humu. Edvina akanigeukia. Nikafungua mdomo.

Tata akaniwahi. "Nilimwagiza Alistidia mimi."

Joackim akatoka kutafuta ndoo, Edvina akaenda chumbani kukunja nguo. Tukabaki wawili. Nikamwambia, Tata, hukuniagiza. Akakubali, hakuniagiza. Akasema alimtambua yule sangara siku ileile, alipokuwa bado kwenye kopo.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nikaona bora nimalize. Nikamweleza ya Jumatano, kwamba nilimwona jike akimezwa na nikanyamaza. Akasema polepole kwamba na yeye aliona. Hakuwa amelala.

Naandika jikoni, ndizi ziko motoni. Joackim anavuta maji ya tangi kwa mpira, nayasikia yakijaa ndoo. Edvina anauliza kwa mara nyingine Tata avae koti gani la safari. Tata ananiita mimi: koti libaki, anataka ndizi zangu —