Nani Atamlisha Baba

Mafinga, Jumapili baada ya ibada

Kaka Yona,

Shikamoo. Nakuamkia kwenye karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei, na sababu naijua. Habari za Hombolo? Mvua imewafikia, au ni mawingu ya kupita tu? Zabibu zimechanua? Na miguu yako, ambayo dada yetu Eliza alisema imevimba, imepungua? Mimi mzima wa mwili. Huku baridi inaingia mpaka kwenye meno, na kazi ya kiwandani ni ileile, kulisha magogo kwenye msumeno kutwa nzima. Vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo.

Usiichane barua hii kwanza. Nakujua kwa hasira, maana baba yetu ni mmoja.

Eliza alinipigia wiki mbili zilizopita. Alisema ulianguka shambani ukatapika damu, na daktari amekwambia ukiendelea kunywa hutauona mwaka mwingine. Akanieleza na ulivyomjibu: “Nikienda kutibiwa, nani atamlisha baba?” Nilikasirika, kaka, nisikufiche. Nikamwambia, “Mlevi hakosi kisingizio,” nikakata simu.

Ndivyo nilivyozoea kukusema. Ndivyo nilivyokusema kwenye matanga ya mama, miaka minne iliyopita, mbele ya wajomba na wazee wote. Pombe ya mtama ililetwa, nawe mtoto wa kwanza ukapewa kibuyu uonje kabla ya wageni, kama desturi. Nikakupokonya. “Huyu msimpe,” nikasema. “Hataonja, atamaliza.” Watu wakacheka. Ukainuka ukaenda zako, na tangu siku hiyo hatujasalimiana.

Sasa sikiliza kilichonipata. Jumapili iliyopita Mzee Mgaya, msimamizi wetu kiwandani, alinikaribisha kwake. Unajua pombe situmii, nilijipanga kukataa kwa adabu. Akaleta ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, akamimina, akanywa funda moja mwenyewe, akaninyooshea kikombe.

“Sumu nimeshatoa, mwanangu,” akasema. “Mwenye nyumba ndiye anayeonja. Huwezi kumwonjesha mtu mwingine ukajiita mwenyeji.”

Sikukipokea kile kikombe. Nikatoka nje nikakaa kwenye rundo la mabanzi. Mzee akanifuata akidhani naumwa.

“Kwetu alionja mtoto,” nikamwambia.

Nikamweleza yote, mambo ambayo hata mke wangu sijamwambia. Kwamba baba alimshuku mama anataka kumuua. Kwamba kila jioni kabla hajanywa alimwita mtoto aonje, na mtoto mwenyewe ni mimi, kwa sababu alisema mama ananipenda kuliko wote, hawezi kuniacha ninywe sumu huku anatazama. Nikilia, anapigwa mama. Nilikuwa na miaka sita, wewe tisa. Siku ya tatu au ya nne ukasimama mbele yangu ukasema, “Baba, mimi naipenda. Nipe mimi.” Baba akacheka mpaka machozi. “Haya, mroho, njoo.” Tangu hapo ukaonja wewe. Funda moja, kisha mawili, kisha nusu kibuyu, kwa kuwa ilimfurahisha kukuona unayumba.

Mzee Mgaya akaniuliza swali moja tu: “Huyo kaka yako aliipenda kweli?”

Kaka, nimewaambia watu miaka yote kwamba ulizaliwa na kiu. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia hata wanao. Lakini mimi ndiye niliyekushika kichwa ulipokuwa unatapika nyuma ya zizi, ukaniambia, “Mama asijue.” Nilijua, Yona. Nilijua nikiwa na miaka sita kwamba unakunywa fungu langu, na siku ile ya matanga nilijua vilevile. Nilikuona umeshika kibuyu nikaona aibu, aibu nikaigeuza hasira, halafu hasira nikakutupia wewe. Nisamehe. Usipoweza, basi usinisamehe, lakini pona.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha vya kutosha. Nimekupatia nafasi kwenye soba hausi moja Iringa mjini, nyumba ya watu wanaoacha ulevi, miezi minne. Utaanzia hospitali, maana wameniambia mtu wa hali yako akiacha ghafla bila daktari anaweza kufa. Anayeisimamia naye alikuwa mlevi, kwa hiyo ujanja wako utagonga mwamba. Nafasi wanaishika mpaka Ijumaa ijayo. Hawapokei mtu aliyeburutwa. Ni lazima uingie kwa miguu yako na useme mwenyewe kwamba umetaka.

Na atakayemlisha baba ni mimi. Kiwandani nimeomba ruhusa ya miezi hiyo minne, wamenikubalia. Naogopa, kaka. Nimekuwa mtu mzima mwenye watoto, na nikisikia mtu amekohoa kama baba bado nashtuka. Lakini nitakuja.

Msalimie shemeji yangu, mwambie lile neno nililomtupia siku ya matanga limenikaa kooni mpaka leo. Msalimie na mama mdogo wa Buigiri aliyetuficha kwake mara mbili bila kuuliza chochote. Eliza mshukuru kwa kukuletea barua hii mkononi. Baba usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Nafika Jumatano. Chukua sweta, na usinijibu kwa simu, nijibu kwa kuwepo nyumbani. Eliza anasema baba sasa haoni wala hashiki kijiko, na mpaka leo hafungui kinywa kabla hujauonja uji wake. Alhamisi asubuhi, kabla hujapanda basi, nionyeshe anapopenda kukalishwa. Uji nitauonja mimi.

Mdogo wako,
Stefano