Viatu Vyangu Vimenikataa

Dada yangu,

Ndiyo, ni kweli nimeacha kutembeza viatu. Siku hizi nauza nikiwa nimekaa kwenye kiti kama waziri, maana miguu imevimba mpaka viatu vyangu mwenyewe vimenikataa.

Ule mshtuko wa moyo ulionipata mwaka jana nilidhani umepita. Dawa za moyo nikawa nameza, za sukari nikaziacha kabatini, na chai naipiga tamu vilevile. Juzi daktari akaniuliza, "Mzee wa viatu, sukari unapima?" Nikamwambia, "Napima kwa kijiko, daktari." Hakucheka. Akasema moyo wangu ulishajeruhiwa, na sukari inazidi kuutafuna. Hauna tena nguvu ya kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani. Sasa nalala nimeegemea ukuta ili nipate pumzi. Dada, naogopa.

Na wewe una sukari, dawa humezi kwa sababu eti huumwi popote. Hata mimi sikuumwa. Basi tupatane: mimi nazianza zangu leo, wewe kesho nenda kliniki. Atakayevunja, mwenzake asimlilie. Najua hilo hatuliwezi, kwa hiyo tusivunje.

Mdogo wako, mzee wa viatu