Mabega ya Mama Jukwaani

Bucheon, 9 Oktoba

Kaka yangu Yong-bae,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji. Natumaini goti lako limepata nafuu na kamba za mwani mmeshazitandaza kabla bahari ya Wando haijaanza visirani vyake. Sisi huku hatujambo. Mama Danbi ameanza kugombana na wauza kabichi, maana majira ya kuchachusha kabichi za kimchi yanabisha hodi. Mimi tangu nistaafu kufundisha hesabu nimekuwa kero jikoni kwake. Juzi kanitoa kwa mwiko.

Najua umeshangaa kupata barua. Wazee wenzetu siku hizi wanatumiana vikatuni kwenye simu. Ila haya niliyo nayo simu haiyabebi, na aliyeniamuru niyaandike sina ubavu wa kumkatalia.

Kaka, Jumapili ya wiki mbili zilizopita nilikwenda uwanjani Seoul kutazama kazi ya Danbi. Wale vijana saba wanaoimba, ambao hata wajukuu zako wamebandika picha zao mlangoni, Danbi ndiye anayewatungia mitindo ya kucheza. Alianza na chumba kimoja cha chini ya ardhi, akiwafundisha mama wa nyumbani kunyoosha viuno, baada ya kuacha chuo nilichomlazimisha. Mimi nilikuwa nikiwaambia majirani kwamba anafanya “kazi ya ofisini”. Leo vijana wa nchi ambazo nilizisoma kwenye ramani tu wanasimama mbele ya vioo vyao kumwiga.

Nilikaa katikati ya wasichana wenye taa za mkononi, peke yangu mwenye mvi. Msichana wa pembeni yangu alinikabidhi taa yake ya akiba, akanitazama kidogo, akashindwa kuvumilia. “Babu, unaipunga kama unafukuza nzi! Fuata mdundo!” Nikamjibu kwamba nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano, kuhesabu mpaka nne hakujawahi kunishinda. Akacheka, akanisogezea mfuko wake wa mwani wa kukaanga.

Ndipo ukaja wimbo wa tatu. Wale vijana walijipanga mstari, ngoma ikapungua, wakaanza kupandisha mabega. Taratibu, bega la kushoto, la kulia, mikono ikielea kama imesahauliwa. Kaka, nilisimama bila kujijua. Yalikuwa mabega ya Mama! Vile alivyokuwa akicheza siku ya kuvuna mwani, na aproni yake ya mpira, akishapiga bakuli mbili za pombe ya mchele. Uwanja mzima ukapandisha mabega kama mwanamke wa Wando ambaye hakuwahi kufika Seoul hata mara moja.

Nililia mbele ya watoto wa watu. Yule msichana akaniuliza, “Babu, una nani pale juu?” Nikamwambia mwanangu ndiye aliyeutunga mchezo huo. Alinyanyuka akaniinamia mpaka nywele zikagusa magoti, akawaambia wenzake, na safu nzima ikaniinamia. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijapata heshima ya namna ile.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata Danbi nyuma ya jukwaa. Alikuwa kakaa juu ya sanduku la nguo, anakula tambi za kikombe. Nikamuuliza mabega yale kayapata wapi, kwani Mama alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Akasema, “Baba Mkubwa alinifundisha, jikoni kwake, akimwiga Bibi. Nimemkasirikia miaka tisa, Baba, lakini mabega yangu hayakumkasirikia.”

Hapo, kaka yangu, ndipo nilipokatika maini.

Umekuwa ukijiuliza kwa nini mtoto uliyembeba mgongoni aliacha ghafla kukanyaga kwako, hata siku za kumkumbuka Mama. Ulisema mji umempa kiburi. Sivyo. Unakumbuka alipokuwa na miaka kumi na saba, alikunong'oneza wewe peke yako kwamba anafundishwa uimbaji kwenye kampuni moja, huku mimi nikidhani yuko tuisheni. Miezi miwili kabla hajapandishwa jukwaani, kampuni ilimwambia hana kipaji, ikamtoa. Baadaye karani mmoja alimdokezea kwamba ndugu yake, mwanaume, alipiga simu.

Ni mimi niliyepiga. Nilikuwa nimemfuata nikaona anapoingia. Niliwatishia watu wa kampuni kuwapeleka mahakamani kwa kumchukua mtoto bila idhini yangu, na mimi ndiye niliyewaomba wamwambie hana kipaji, ili asirudi tena. Danbi aliponiuliza kama ni Baba Mkubwa aliyemchoma, nilimjibu kwamba baba yake mkubwa anamtakia mema. Sikusema uongo, nilifanya kibaya zaidi. Nikakuacha ubebe mzigo wangu miaka tisa, na kila sikukuu nikala mezani pako.

Nilimwambia yote pale pale. Tambi zikapoa. Akaniuliza kwa nini sikunyamaza, nikamwachia furaha ya siku ile. Nikamwambia kwa sababu watu wameniinamia, na nilishindwa kuibeba heshima ile. Aliondoka bila kuniaga. Siku nane hakupokea simu yangu. Ya tisa akapiga mwenyewe, sauti kavu: “Usimpigie Baba Mkubwa. Mwandikie kwa mkono, uone haya kila mstari.” Nimeona haya, kaka. Karatasi hii ni ya sita, tano nimezichana.

Ameniambia pia kwamba Jumamosi atapanda basi la asubuhi kuja Wando, peke yake. Mimi amenikataza kuja mpaka wewe uniite. Ni haki yake, na ni haki yako usiniite. Lakini nakuambia kama mdogo wako, naona fahari hata kwa amri hiyo: nilitaka kumfinyanga mtu wa kutii, naye amekuwa mtu wa kunyoosha mambo. Muulize hasa habari za mabega. Hataki kujisifu, ila ukimchokoza atacheza.

Msalimie sana shemeji, na wajukuu mmoja mmoja. Kama utanisamehe au hutanisamehe, lichunge hilo goti na baridi.

Ni mimi mdogo wako mwenye hatia, baba yake Danbi,
Tak Yong-cheol