Mstari Kwenye Jina la Babu Yako

Laela, Jumanne

Limbu mjukuu wangu,

Wewe mtoto una miguu au umeiuza? Uliondoka mahindi yako gotini, leo tumeshayapukuchua, na Sumbawanga si ng'ambo. Unakula? Kile kikohozi kimeisha? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Anayeandika ni jirani Redempta. Nimemkataza kulainisha hata neno langu moja.

Mavuno ni mabaya. Mbolea ilifika mahindi yameshageuka njano, maana kompyuta ya ghalani huko mjini iliikataa orodha ya kikundi chetu. Walivyokusema mkutanoni unajua. Mwenyekiti Shigela alisema kompyuta yako tuifanye kiota, kuku watage. Ukabeba begi lako, ukaacha na kazi yako ya ukarani.

Sasa sikiliza. Siku uliyomwachia msaidizi wako Coleta orodha aitume, nilipita ofisini kwa kikundi nikamwambia anionyeshe jina letu. Kusoma sijui, lakini Ng'wandu, jina la marehemu babu yako, nalijua sura. Nikaona mstari ulioinama umelikata katikati. Kwenye daftari letu la zamani, anayepigwa mstari hivyo ni aliyefukuzwa! Nikawaka. Coleta akasema umeuweka wewe, usiguswe. Nikamwambia mimi ndiye niliyekulea, aufute naona, la sivyo siondoki. Akaufuta, akaituma.

Orodha iliporudi, akanieleza. Eti kile kialama kidogo kinachoning'inia ndani ya jina letu, baada ya Ng, kompyuta hukitumia kufunga maneno, na mstari wako ulikuwa wa kuiambia kwamba hapo jina bado linaendelea. Mstari ulipofutwa, ikalifunga jina kabla halijaisha, yaliyofuata ikayaona takataka, ikatupa orodha nzima. Nikamwapisha Coleta anyamaze.

Hayo niliyajua kabla ya mkutano, Limbu. Shigela aliposema ya kuku, na mimi nilicheka. Hakuna aliyenishika mdomo. Niliogopa kuchekwa uzeeni, nikakuacha uchekwe wewe.

Dada yako Jenifer anakusalimu, na watoto wake, na Coleta, ambaye siku hizi ananiamkia bila kunitazama.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukishuka kwenye basi usipitie nyumbani. Njoo moja kwa moja ofisini, ukae mbele. Nitasimama niseme mwenyewe. Nikianza kuzungusha maneno, nikatize.

Ni mimi bibi yako,
Mboje