Baba Aliingia Peke Yake

Alhamisi, 10 Januari 1985. Norsborg, Stockholm

Meno ya watoto siku nzima kliniki. Mmoja ameniuma kidole. Basi kutoka Tumba likachelewa, miguu ikafa ganzi. Nimefika nyumbani nimemkuta Baba jikoni amevaa koti, begi liko mlangoni. Safari ni wiki ijayo! Nimemvua koti mwenyewe.

Tangu Mama afariki hajawahi kutaka kitu chochote. Sasa anataka hiki tu: kuyaona mahekalu ya zamani kabla moyo wake haujasimama. Banyani wa Tanga, miaka sabini na moja, hajawahi kukanyaga India. Ndugu zake walimkana alipomwoa Mama, Msambaa. Kwa hiyo nampeleka mimi.

Jumapili, 20 Januari. Gujarat

Joto. Vumbi. Baba amekuwa kijana.

Leo hekalu la mawe lisilo na paa, la kale mno, limejaa popo. Hakuna mlinzi wala kuhani. Baba amepapasa miungu iliyochongwa kwenye nguzo, mmoja baada ya mwingine, kama kipofu. Ananieleza kwa Kiswahili: huyu ndiye mwenye kichwa cha tembo, huyu mkewe. Watoto walitufuata wakishangaa mzee wa kwao anaongea lugha gani. Wananishangaa mimi zaidi. Nywele zangu, rangi yangu. Nimezoea, hata Stockholm wananitazama.

Nimefurahi. Naandika ili nisisahau kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 24 Januari

Kisima kirefu cha ngazi, baridi tamu kule chini. Baba alichoka, nikampandisha nimemshika kiuno. Jioni hakula. Anafikiria kesho: hekalu kubwa, ambalo amekuwa akilitaja tangu nikiwa mdogo. Amenyoa ndevu mara mbili.

Ijumaa, 25 Januari

Sitaliandika jina la mji huu.

Langoni mlinzi alininyooshea fimbo. Wasio Wahindu hawaingii. Akamuuliza Baba mimi ni nani. Baba alinitazama, akatazama ndani, kule kengele zinakolia. Akajibu neno moja.

Neno hilo nalijua. Tanga alilitumia kwa mama aliyekuwa akitufulia nguo. Mtumishi.

Akaingia. Mimi nikabaki juani na viatu vyake.

Alitoka na alama nyekundu kwenye paji la uso na vitamu vya sadaka mkononi. Akanipa. Sikupokea.

Jumamosi, 26 Januari

Stesheni, tunasubiri treni. Nimeshindwa kunyamaza.

"Ungewaambia tu kwamba mimi ni mwanao."

"Wangenizuia na mimi, mama."

"Na Mama angekuwepo? Ungemwita nani?"

Midomo ilimtetemeka. Nilitaka atetemeke. Kisha nikaogopa moyo wake, nikampa dawa na maji. Namchukia. Nambebea begi.

Jumamosi, 9 Februari. Norsborg

Wiki ya pili tangu turudi. Theluji mpaka dirishani. Tunasema "chai iko tayari" na "nafunga mlango", basi.

Nakato, rafiki yangu Mganda, amekuja kutoka Rissne kutaka kuona picha. Alisifu nguzo, alisifu kisima. Akauliza kwa nini picha ya hekalu kubwa hakuna. Nikasema kamera iligoma. Baba akainuka, akaenda chumbani kwake polepole, ameshika ukuta.

Jumanne, 12 Februari

Asubuhi haombi tena. Miungu yake iko kwenye kabati la vikombe, taa haijawashwa tangu turudi. Nilidhani ningefurahi. Nimetoka kwenda kazini nimelia ndani ya basi, mama mmoja wa Kiswidi akahama kiti.

Jumapili, 17 Februari

Leo nimemuuliza. Tulikuwa mezani. Sijui kwa nini leo.

"Kule ndani kulikuwa na nini?"

Akasogeza kikombe chake pembeni.

"Watu wengi," akasema. "Wananisukuma. Nikafika mbele kabisa, mwanangu. Nikashindwa kuinua macho. Nimetoka sijaona kitu."

Maisha yake yote alilisubiri hekalu lile.

Akasema mambo mengine pia, kwa sauti ndogo, kuhusu siku aliyomwoa Mama. Babake alisimama mlangoni akakataa kuwafungulia. Mama alisubiri barabarani na sanduku lake. "Nikamwambia Mama, kwenye mlango unaokukataa wewe sitabisha hodi tena. Kule hekaluni nikabisha."

Sikumwambia nimekusamehe. Sijamsamehe. Labda mwezi ujao, labda sitaweza. Lakini mikono yake siku hizi haina nguvu, na chapati za leo zilikuwa ngumu. Nimemchania vipande vidogo, nikavilowesha kwenye mchuzi, nikamsogezea sahani. Akala. Nje theluji imeendelea kudondoka bila sauti. Nimekaa naye mpaka alipomaliza.