Kibuyu cha Mama

Kola, Jumapili

Mdogo wangu Kavindu,

Huku mvua imekataa na mbaazi zimekauka. Niko mzima, ila nimechoka.

Shuleni hatufukuzi mwanafunzi tena. Watu wakikosana tunaketi kwa duara, na anayeshika kibuyu ndiye anasema, wengine wanasikiza. Ijumaa kilimfikia Mukai, msichana niliyemwita mwizi mbele ya darasa langu, na hakuwa ameiba. Alikishika kimya mpaka kengele ikalia, kisha akaniwekea mapajani. Nikamwomba msamaha kwa sauti ndogo sana.

Kibuyu chenyewe ni kile cha mama, nilichokunyang'anya siku tulipomzika. Nakituma pamoja na barua hii. Ukishakishika, sema yote. Nitasikiza, hata kengele ikilia.

Dada yako,
Nduku