Pacha wa Pili kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimetoka kufundisha, nimechemsha chai, nimefungua kazi za mradi kama kawaida. Programu yetu inaandaa orodha za watoto wa chanjo. Ni ya bure, yeyote anaweza kuirekebisha, ila mimi hupitia kabla kazi haijaingia. Leo kuna mgeni. Fidèle, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Amerekebisha lile kosa la mapacha. Programu ikiona mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa inadhani mtoto kaandikwa mara mbili, inamfuta mmoja.

Nimeijaribu, inafanya kazi. Lakini uandishi wa msimbo wake, jamani. Nafasi mbili mwanzo wa mstari badala ya nne. Majina nusu Kifaransa. Mstari mmoja mrefu kama foleni ya maji. Pacha wa pili amemwita butoyi, na kanuni inataka Kiingereza. Nimemrudishia na maoni tele. Kanuni ni kanuni.

Jumanne, 4 Machi
Fidèle kimya.

Dada yangu Ester kapiga simu kutoka Mabamba. Mapacha wake hawajambo. Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, hakuna mjadala. Mwezi uliopita dozi zililetwa kwa hesabu ya orodha. Bukuru kachanjwa, Butoyi karudi nyumbani hivi hivi. Orodha mpya inatoka Jumamosi. Sikumwambia kwamba dawa ya kosa ninayo na nimeirudisha kwa sababu ya nafasi. Nimeona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Kimya bado. Nimesoma upya maoni yangu. Yote ni kweli, na hakuna hata asante moja. Nimemsahihisha mtu mzima kama daftari la kidato cha kwanza. Akiwa kakata tamaa, sababu ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua kazi yake ninyooshe mwenyewe. Nimeacha. Kwenye mradi aliyegusa kazi haruhusiwi kuipitisha, na mwenzangu wa kupitisha yuko safarini hadi wiki ijayo.

Basi niipitishe ilivyo? Mwaka jana tulipokea moja ya namna hiyo, tukasema tutanyoosha baadaye. Hakuna aliyenyoosha. Humo ndimo kosa la mapacha lilimojificha. Mistari haisomeki, kila mtu akaipita. Nasema hivyo moyoni na bado mkono unataka kubonyeza. Nina hasira, sijui na nani. Siku mbili zimebaki.

Ijumaa, 7 Machi
Umeme hakuna. Simu ina chaji kidogo. Nimemwandikia Fidèle, nimefuta, nimeandika tena. Nimeanza na asante, kama nilivyopaswa kuanza Jumatatu. Halafu nimekaa naitazama simu kama mjinga.

Alasiri kajibu: "Pardon mama. Batiri ilikufa, na pa soko sola ilikuwa haina nguvu juu ya mvua. Sasa nimerekebisha byote. Ila jina butoyi niliacha. Ni yeye anapoteaka kila mara."

Hakukasirika. Alikosa chaji tu kwa sababu ya mvua, na mimi nimejitesa wiki nzima.

Umeme uliporudi nimefungua. Nafasi nne kila mahali. Kifaransa kimetoka. Mstari mrefu kaukata vipande vinne, hata mwanangu angeusoma. Juu ya butoyi kaweka maelezo: pacha wa pili, usimfute. Nimetafuta jina la Kiingereza lililo wazi kuliko hilo, sikulipata. Nimeongeza kwenye kanuni: jina la kwetu ruksa, mradi lielezwe. Mwenzangu akirudi atanuna. Anune. Nimepitisha.

Sasa naogopa kitu kingine: vipi kama nimeharibu orodha nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Orodha zimetoka asubuhi, na kila mzazi katumiwa meseji yenye jina la mtoto. Ester kapiga, kakasirika. "Mbona mmenitumia meseji mara mbili? Iyo mashine yenu haioni?"

Nimemwambia asome majina.

Kasoma kwa sauti, polepole. Bukuru. Butoyi. Halafu kauliza ni nani atakayembebea wa pili siku ya kliniki, maana safari hii anawapeleka wote.

Nimeomba ruhusa shuleni kwa siku hiyo. Mvua imekatika, nimeanika nguo.